Rafiki Si Mlinzi wa Nyumba Unayoiuza

Ukitangaza kwamba unauza nyumba, ushauri wa kwanza utakaopewa na watu unaowaheshimu ni usiiache tupu. Wa pili utafuata hapo hapo: usimweke mtu baki, tafuta rafiki. Rafiki ataitunza kama yake, atakulipa chochote alichonacho, na siku mteja akipatikana utampigia simu naye ataondoka bila maneno. Nimeusikia ushauri huu barazani, kwenye vikao vya harusi, hata kutoka kwa madalali ambao kazi yao ingewafundisha vingine. Ule wa kwanza una ukweli. Ule wa pili umevunja urafiki mwingi katika miji yetu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanaoutoa wanauita wema.

Si wema. Anayeuza nyumba hajui ataiuza lini. Hilo ni tatizo lake yeye, kwa kuwa nyumba ni yake na faida itakuwa yake. Anapomwingiza rafiki humo bila tarehe na bila maandishi, tatizo hilo anamhamishia rafiki: sasa ndiye asiyejua atalala wapi mwezi ujao. Kisha mwenye nyumba anasubiri ashukuriwe, eti kwa sababu kampunguzia kodi.

Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kwa vitendo, watumishi wengi wa umma waliambiwa wafungashe. Baadhi yao walikuwa na nyumba Kimara, Tabata, Goba au Mbagala, nyumba za kujibana miaka, tofali kwa tofali, mkopo juu ya mkopo. Kuna walioamua kuuza ili wajenge upya huko waendako. Lakini nyumba ya Dar es Salaam haiuziki kwa wiki mbili. Mteja anataka upekuzi wa hati, anataka mthamini, anasubiri mkopo wa benki, anarudi na shemeji yake kuangalia paa kwa mara ya tatu. Akikubali bei, bado kuna kibali cha uhamisho na kodi ya ongezeko la mtaji ya kulipwa Mamlaka ya Mapato. Mwezi unazaa mwaka. Ndani ya mwaka huo ndimo rafiki anamoingizwa, kwa maneno mepesi kabisa: "Kaka, kaa tu hapo mpaka nipate mteja."

Tupige hesabu. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu ingepangishwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, na rafiki amepewa kwa 350,000. Mwenye nyumba anajihesabia kwamba anatoa 250,000 kila mwezi, shilingi milioni tatu kwa mwaka, na atalitaja jambo hilo kila akipata nafasi. Hahesabu anachopata. Amepata mlinzi asiyelipwa mshahara. Amepata mtu wa kufagia uwanja, wa kuziba bomba linalovuja, wa kuhakikisha wezi hawang'oi pampu na nyaya. Bili ya maji inalipwa. Hata kodi ya majengo, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ni wenye nyumba wangapi wanaokumbuka kuirudisha kwa mpangaji, achilia mbali mpangaji aliye rafiki?

Juu ya hayo, amepata mtu wa kuonyesha nyumba. Dalali anapiga simu Jumapili asubuhi, yuko getini na wateja watatu. Mke wa rafiki yuko jikoni, watoto hawajaoga, na watu asiowajua wanaingia chumbani kwake, wanafungua kabati, wanabonyeza godoro ili wapite upande wa dirisha. Mpangaji baki angesema waje Jumamosi saa tisa, na kabla ya hapo hafungui. Rafiki anaona haya. Anafungua, anatabasamu, anawapa maji ya kunywa watu waliokuja kumwondoa.

Hapa ndipo ushauri ule unapoonyesha upofu wake. Kila mteja anayeingia getini anakuja kuchukua paa la watoto wa huyo rafiki. Atakuwa muungwana kiasi gani? Akiulizwa kama mtaa unajaa maji wakati wa masika, atasema kweli, tena kwa kirefu. Akiulizwa maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, hatazidisha hata moja. Wenye nyumba huita jambo hili usaliti. Mimi nasema huyo ni mzazi anayetetea makazi yake. Umemweka mtu mahali ambapo ushindi wako ni kufukuzwa kwake, halafu unashangaa hashangilii.

Simu ya mwisho nayo inakuja siku moja. Mteja kapatikana, ana pesa taslimu, anataka nyumba tupu mwisho wa mwezi. Rafiki ana watoto katikati ya muhula. Ana siku kumi na nane za kutafuta nyumba katika jiji ambalo wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi sita mbele, wengine ya mwaka mzima, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kwa nyumba ya 600,000 hiyo ni 3,600,000 na 600,000 ya dalali: shilingi 4,200,000 mkononi, kabla hajakodi gari la kubebea vyombo. Sawa, ile ya miezi sita ataiishi, haijapotea. Lakini inatakiwa leo, na mtu aliyekubali nyumba kwa punguzo mara nyingi aliikubali kwa sababu hana akiba ya namna hiyo. Anaomba miezi miwili. Mteja hasubiri, anahamia nyumba nyingine. Na mwenye nyumba, aliyepoteza mauzo kwa sababu hakuweka tarehe, anamaliza mazungumzo kwa kusema fadhila za punda ni mateke.

Mara ngapi tumeusikia msemo huo kwa mtu ambaye hakutoa fadhila yoyote ila aliahirisha uamuzi wake kwa gharama ya mwenzake?

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hakuna karatasi, hakuna upangaji, na rafiki anaweza kutolewa wakati wowote kwa kuwa "alikaa tu". Wanajidanganya. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara, ya mwaka 1999, inatambua pango la muda mfupi hata likiwa la mdomo. Anayelipa kila mwezi bila muda kuwekwa ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi yake haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Kumkatia maji, kuondoa mlango au kubadilisha kufuli akiwa kazini si njia ya kisheria ya kumtoa, hata kama mlisoma dawati moja. Akikataa kutoka, safari inaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndipo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake kuna Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mnunuzi gani atakaa akingoja ngazi zote hizo?

Upande wa rafiki nao haujalindwa vya kutosha. Sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Tangu hapo ngao ya mpangaji wa kawaida ni mkataba wake na vifungu vya Sheria ya Ardhi. Aliyeacha mkataba kwa sababu ya urafiki ameivua ngao moja kati ya mbili. Hata walioandika karatasi mbele ya mjumbe wengi hawajui kwamba mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mahakamani mpaka ushuru huo ulipwe. Ushuru wenyewe ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kwa pango letu la 350,000 ni shilingi 42,000. Kwa kiasi hicho watu wawili wangebaki wanasalimiana.

Lakini dhuluma kubwa kuliko zote katika mpango huu ni ile ahadi tamu: "Wewe kaa, ulipe, na ukijipanga utanunua wewe, kodi tutaikata kwenye bei." Rafiki anasikia kwamba ananunua nyumba kidogo kidogo. Anapaka rangi kwa pesa yake. Anaweka vigae sebuleni, anachimba karo jipya, anapanda miti ya matunda ambayo hupandi kwenye nyumba ya mtu. Mwaka wa pili anatokea mteja mwenye pesa taslimu, na ahadi inayeyuka. Akienda kulalamika anakuta sheria imesimama pande mbili tofauti. Upangaji wake wa mdomo unatambulika. Makubaliano ya mdomo ya kuuziana nyumba hayatekelezeki, kwa kuwa mauziano ya ardhi yanatakiwa yawe kwa maandishi. Kwa maneno mengine, kila shilingi aliyotoa inahesabiwa kuwa kodi ya mpangaji, hata kama wote wawili walikuwa wakiiita malipo ya nyumba. Vigae vinabaki sakafuni kwa mwenye mpya. Sijawahi kuona mwenye nyumba anayetoa ahadi hii akiitolea karatasi kwa hiari yake, na siamini kwamba kusahau huko ni kwa bahati mbaya.

Najua nitajibiwa nini. Nyumba tupu inaharibika. Ni kweli: mchwa, popo, vibaka wa madirisha ya alumini, na matapeli. Dar es Salaam ni jiji ambalo watu wanaandika kwa rangi nyekundu ukutani "NYUMBA HII HAIUZWI", wakiogopa kwamba mtu asiyeimiliki ataiuza, na mara nyingine anayeogopwa ni ndugu wa damu. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa, walio tayari kuchafua ukuta mzima kwa ajili ya tahadhari, wanaona aibu kuandika ukurasa mmoja na rafiki.

Kama hofu ni wizi, ajiri mlinzi na umlipe. Kama unahitaji kodi, mpangishe mtu yeyote, rafiki akiwemo, kwa muda unaojulikana, na usitangaze kuuza kabla ya muda huo kukaribia; au uza na mpangaji akiwa ndani, kwa mnunuzi anayejua hivyo na anayekubali kuurithi mkataba wake. Wapo wanunuzi wa namna hiyo, hasa wanaonunua ili wapangishe. Kama kweli unataka kumsaidia rafiki, msaidie: mpe nyumba bure kwa miezi sita, mwambie siku ya mwisho, na usimtume kufungulia madalali geti. Hiyo ni zawadi na inaonekana kuwa zawadi. Kinachoniuma ni biashara inayovaa nguo za zawadi, kwa sababu humfunga mdomo anayeumia. Mpangaji anayelipa nusu bei kwa fadhila hawezi kulalamikia choo kilichoziba.

Wengine watasema kuandikishana ni kutoaminiana. Waswahili wa pwani, wafanyabiashara wa vizazi vingi, walikopeshana na kuuziana kwa hati na mashahidi hata baina ya ndugu, na Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inawaamrisha waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu waandike. Hakuna aliyeona kwamba kalamu inavunja undugu. Haya hii ya karatasi si mila yetu ya kale, na inamfaa zaidi mwenye mali kuliko asiye nayo.

Basi wewe unayeuza, kama rafiki amekwisha kuingia ndani, kaa naye wiki hii. Mwandikie kwamba atapata notisi ya miezi mitatu mteja akipatikana, kwamba wateja watakuja kwa siku na saa mlizopatana, kwamba kodi aliyolipa mbele na haijaliwa atarudishiwa siku anayokabidhi funguo, na kwamba gharama ya kuhama utaichangia kutoka kwenye pesa ya mauzo. Kama mlikubaliana kwamba atanunua, andikeni bei, kilichokwisha kulipwa na tarehe ya mwisho, kila mmoja abaki na nakala, kisha mlipie stempu. Na wewe unayeitwa leo kwenda kukaa "mpaka nipate mteja", usihamishe kitanda kabla hujaiona karatasi hiyo. Akikasirika kwa kuombwa, mshukuru, ubaki ulipo.