Simu Si Kisu

"Teknolojia ni kama kisu: ukikatia kitunguu ni sawa, ukimchoma nacho mtu kosa ni lako." Nimeyasikia maneno haya semina kwa semina, redioni, hata mimbarini, na kila mara wasikilizaji huitikia kwa vichwa. Mimi siyakubali. Yanatubembeleza tulale wakati nyumba inahamishwa.

Mwaka 1909, redio zikiwa bado hazijaingia majumbani, Mwingereza E. M. Forster alichapisha hadithi fupi iitwayo The Machine Stops. Alieleza baadaye kwamba aliiandika kupinga mojawapo ya paradiso alizozibuni mwandishi mwenzake H. G. Wells. Humo binadamu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja katika chumba chenye pande sita kama tundu la sega la nyuki. Chakula, muziki, kitanda, maji ya kuoga, vyote vinaletwa na mtambo mmoja mkubwa kwa kubonyeza kitufe. Mmoja wao, Vashti, anajuana na maelfu ya watu na anatoa mihadhara ya muziki bila kuinuka kitini. Mwanawe Kuno, aliye upande wa pili wa dunia, anamtokea kwenye kisahani kinachong'aa na kumsihi aje waonane ana kwa ana. Mama anashangaa. Si wanaonana sasa hivi?

Haya, nionyesheni aliyetumia kisu vibaya hapo. Vashti hatapeli, hatukani, hasambazi uongo. Anajifunza, anafundisha, anazungumza na marafiki. Kusafiri hakukatazwa, ndege zinaruka kila siku, karibu tupu. Anapojikaza na kupanda, mhudumu wa kike ananyoosha mkono kumshika asianguke, naye Vashti anakasirika, kwa sababu watu hawagusani tena. Hakuna sheria iliyofuta desturi hiyo. Ilikosa kazi, ikafa. Wanapopita juu ya Himalaya anataka dirisha lifunikwe, maana milima ile haimpi wazo lolote.

Kisu hakimbadilishi mpishi akachukia vidole vyake. Tena asiyekitaka anakiacha kabatini. Anayetaka kuiacha simu leo, aniambie atalionaje tangazo la shule ya mwanawe lililowekwa kwenye kundi la wazazi peke yake. Katika hadithi, mkaidi anatupwa juu ya ardhi, ambako hewa inaua. Sisi hatumtupi mtu. Tunamwambia tu, "Tulituma kwenye kundi, hukuona?"

Sehemu inayoniumiza zaidi ni pale mtambo unapoanza kuharibika. Muziki unakwaruza, maji ya kuoga yananuka, mashairi yanayotungwa na mtambo yanapoteza vina. Mwanzoni watu wanalalamika. Halafu wanazoea. Forster aliona kwamba kufanana kwetu hakuhitaji askari mlangoni. Kunatosha kuzoea pamoja, kila mtu akimtazama mwenzake na kumwona ametulia.

Nasi tulikuwa na hodi. Mtu alifika, akasimama nje, akaita, akajibiwa "Karibu!", mkeka ukatandikwa, na chakula kilichopikwa kwa watu watano kikaliwa na saba. Hakuna serikali iliyoipiga marufuku. Ila siku hizi, mjini hasa, mgeni asiyetanguliza simu anaonekana hana adabu. Adabu yenyewe imegeuzwa, na kila mmoja wetu aliitumia simu yake vizuri kabisa, kwa salamu na kwa heri.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kutoka Muheza bila taarifa. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na kikapu cha machungwa, khanga imelowa jasho begani. Kabla hata sijamwamkia, nikasema, "Shangazi, mbona hukupiga simu?"

Mwanamke aliyenibeba mgongoni akainamisha macho. "Nisamehe mwanangu, imezima chaji." Akabaki palepale kizingitini, kikapu mkononi, hadi nilipozinduka nikampokea na kumpa shikamoo yake.

Sasa hupiga simu kwanza. Mwaka huu amepiga mara mbili akiuliza kama anaweza kuja, na mara zote mbili nimemjibu kwamba wiki hiyo nina kazi nyingi.