Sheria na Kaya: Tuzo ya Nairobi, Deni la Konyo Konyo

Kaya nyingi za askari huongeza kipato kwa biashara, na biashara hiyo siku hizi yavuka mipaka. Mchele na unga wa mahindi hupakiwa malorini, hupita Uganda, huingia Nimule, na baada ya kilomita 192 za lami hushushwa Juba, katika soko la Konyo Konyo, ambako Kiswahili husikika kando ya Kiarabu cha Juba. Huko mali nyingi hutolewa kwa mkopo, na hapo ndipo matata huanzia.

Tuseme mke wa sajenti amempelekea mwenye duka wa Konyo Konyo shehena ya mchele. Nusu amelipwa, nusu bado. Mkataba wao wasema kuwa mgogoro ukitokea utaamuliwa na msuluhishi mjini Nairobi, si mahakamani. Msuluhishi awasikiliza wote wawili, kisha atoa tuzo: mnunuzi alipe. Mama afurahi, akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza, kwa kuwa msuluhishi hana polisi wala dalali wa mahakama. Tuzo haigeuki fedha mpaka mahakama ya mahali ilipo mali ya mdaiwa iitambue na kuamuru itekelezwe.

Nchi nyingi zilirahisisha jambo hili kwa Mkataba wa New York wa tarehe 10 Juni 1958. Tanzania ilijiunga mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992. Kwa mkataba huo mahakama haisikilizi kesi upya. Yaweza kuikataa tuzo kwa sababu chache tu, kama vile mdaiwa hakuarifiwa, msuluhishi aliamua asilokabidhiwa, tuzo imebatilishwa kule ilikotolewa, au kuitekeleza kungekiuka misingi ya haki ya nchi husika. Kwamba msuluhishi alikosea hesabu, hiyo peke yake si sababu.

Je, Sudani Kusini? Ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, Sudani yenyewe haikuwa mwanachama. Ilijiunga mwaka 2018. Basi taifa jipya halikuwa na cha kurithi. Mwaka 2012 Juba ilijiunga na mkataba mwingine, ule wa Washington, lakini huo ni wa wawekezaji wanaozidai serikali, haugusi gunia lililokopwa na mwenye duka. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, mwulize wakili kama Sudani Kusini imo katika orodha inayotunzwa na Umoja wa Mataifa. Ikiwa haimo, mahakama ya Juba haifungwi na Mkataba wa New York, na tuzo yako huenda ikabaki kuwa ushahidi tu katika madai mapya.

Wako wanaodhani ni busara kuandika kwamba usuluhishi ufanyike Juba, karibu na mdaiwa. Mimi siafiki. Tanzania, Kenya na Uganda zilijiunga kwa sharti la nipe nikupe: kwa njia ya mkataba huo hutekeleza tuzo iliyotolewa katika nchi mwanachama tu. Mdaiwa akiwa na nyumba Kampala au akiba katika benki ya Nairobi, tuzo ya Nairobi yaweza kumfuata huko. Muhimu ni kujua mapema mali yake iko wapi.

Yupo pia msuluhishi mwingine asiyekumbukwa na wengi: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016, na mahakama hiyo yaweza kusuluhisha mgogoro wa biashara iwapo mkataba umeitaja.

Wafanyabiashara wa Uganda walioiuzia serikali ya Juba nafaka kabla ya uhuru walisubiri miaka mingi, hata serikali yao ikakubali mwaka 2016 kuwalipa baadhi yao kwanza, kisha yenyewe iidai Juba. Mama wa mchele hana serikali ya kumbebea deni la mwenye duka.

Na ahadi ya mdomo sokoni haitoshi. Mkataba wa New York wataka makubaliano ya usuluhishi yawe katika maandishi: yametiwa saini, au yamo katika barua au simu za maandishi walizopelekeana. Nakala halisi itunzwe nyumbani pamoja na stakabadhi za mzigo. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu, ukipelekwa mahakama ya Nairobi, sharti uandamane na tafsiri iliyothibitishwa. Gharama ya mfasiri iulizwe kabla lori halijaondoka.