Kimya cha Mtoto Mwenye Usonji

Tangu mwaka 2008, tarehe 2 Aprili huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Uelewa kuhusu Usonji, kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Huku kwetu Nduguti siku hiyo hupita bila kutajwa. Mtoto asiyetazama watu machoni, anayerudia neno lile lile kutwa nzima, au anayeziba masikio kwaya ikianza kupiga ngoma, bado huitwa zezeta, na mama yake huulizwa alimkosea nani. Usonji si laana wala pepo. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huonekana tangu utotoni.

Kosa letu kubwa ni kupima akili kwa ulimi. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada, akiwemo Michelle Dawson ambaye mwenyewe ana usonji, walilinganisha vipimo viwili vya akili kwa watoto wale wale. Kimoja hudai maelezo mengi ya mdomo. Kingine humtaka mtoto achague kipande kinachokamilisha mchoro. Katika kipimo cha michoro watoto hao walipanda kwa wastani wa nafasi 30 hivi katika kila 100 za rika lao. Watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Hatusemi kwamba kila mwenye usonji ni gwiji. Wapo wenye ulemavu wa akili pia, na simulizi za vipaji vya ajabu huwaongezea wazazi wao uchungu tu.

Husemwa vilevile kwamba watu hawa hawana hisia wala huruma. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosiolojia wa Uingereza mwenye usonji, alieleza kuwa kutoelewana huko kuna pande mbili: wao hawatusomi vizuri, nasi hatuwasomi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulimuunga mkono. Watu walipashana hadithi mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji peke yao waliifikisha sawasawa na wasio na usonji peke yao. Ilipotea zaidi makundi yalipochanganywa. Mtoto asiyelia msibani huenda amezidiwa na huzuni asiyoweza kuionesha kwa desturi zetu.

Jambo hili linagusa altare. Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa huwataka maparoko wahakikishe kuwa wenye ulemavu wanapata katekesi kadiri ya hali yao, na Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unasema kwamba hakuna awezaye kuwanyima sakramenti. Hata hivyo sisi, pamoja na miaka yote ya seminari, tulimwahirisha mtoto mmoja Komunyo ya Kwanza kwa sababu hakujibu hata swali moja la mafundisho.

Mwaka uliofuata katekista aliacha kumhoji. Aliweka mbele yake picha mbili, moja ya mkate katika meza ya nyumbani, nyingine ya hostia altareni, akamwomba aoneshe Yesu yuko wapi. Mtoto aliweka kidole juu ya hostia, kisha akapiga magoti. Mama yake alikuwa ametuambia tangu mwanzo kuwa anajua, nasi hatukumsikiliza.