Mkono Usio na Haraka

Juma hili nataka tuzungumze mambo ya chumbani, kwa hivyo kama una mtoto anayependa kusoma gazeti kwa sauti mezani, ukurasa huu ukunje kwanza, mwachie ule wa katuni.

Nimeletewa barua na mama mmoja wa Kibokoni, Mombasa. Ana miaka tisa katika ndoa na watoto watatu, na anakaa nyumba moja na mama mkwe. Anaandika: "Dada, tangu Idi ipite mume wangu amehamia sebuleni. Anasema chumbani kuna joto. Joto gani, na huku kusi inavuma mpaka najifunika leso mbili?" Kisha anaeleza kwamba kabla ya huko kuhama, mara mbili tatu mambo yalimkatalia bwana kitandani. Hakuna aliyesema neno. Yeye alidhani hapendwi tena, na bwana, nadhani mimi, aliona aibu ya kufa mtu. Sasa rafiki amemwelekeza bwana huyo kwa mtu anayelaza watu kwa macho na maneno. Ukiamka, ati, shida yote imekwisha, kwa kikao kimoja tu, na pesa zinatangulia. Mama anauliza: hili ni kweli, au ni uganga mwingine?

Jawabu langu ni kwamba kitu chenyewe ni kweli, lakini huyo bwana wa kikao kimoja mwepukeni.

Kitu hicho huitwa hipnosia. Daktari mpasuaji wa Kiskoti, James Braid, aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza jina hilo miaka ya 1840, akilitoa katika neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina limepotosha watu akataka kulibadilisha, lakini lilikuwa limekwisha zagaa. Kwa kuwa si usingizi. Anayefanyiwa husikia kila kitu, hukumbuka, na aweza kuinuka aende zake akitaka. Kinachotokea ni kuwa akili yake imetulizwa ikashikwa na jambo moja, makelele mengine yakawa mbali, na maneno ya anayemwongoza yakapata pa kuingilia. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali kama chombo cha tiba mwaka 1955. Imesaidia wengi katika maumivu na wasiwasi. Kwa matatizo ya unyumba ushahidi ni mchache zaidi, ingawa pale ambapo mzizi ni hofu, kuna sababu ya kuijaribu kwa mtu aliyesomea.

Wewe uliyezaa Mombasa utanielewa upesi. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mama aliniletea mkandaji, bibi mmoja mnene mwenye viganja kama mkate wa moto. Kila asubuhi katika arobaini yangu alikuja na mafuta yake, akanikanda mgongo na tumbo, na huku akisema kwa sauti ya chini, neno lilo hilo: "Legeza, mwanangu, legeza bega, wacha mguu ulale." Siku ya kwanza nilijikaza kama mbao. Siku ya nne, akisema "legeza" tu, bega lilishuka kabla hajalifikia. Hakuwahi kusikia jina la Braid. Lakini sauti moja, mkono mmoja, na mwili ukatii. Mimi hiyo hipnosia nimeionea hapo.

Na mkono tulikuwa nao tangu zamani. Bibi arusi wa Kiswahili huwekwa ndani na kusingwa. Singo ni liwa, mawaridi makavu, karafuu na manukato mengine, kila nyumba na mchanganyiko wake, vikakorogwa kwa maji ya mawaridi na kusuguliwa mwilini siku kadha. Watu husema ni urembo, ngozi ing'are. Ni urembo, ndiyo. Lakini hebu fikiria: msichana aliyelelewa kujificha anaguswa kwa heshima na mwanamke anayemwamini, polepole, siku baada ya siku, mpaka mwili wake unazoea kwamba mkono si kitu cha kuogopwa. Huku somo wake, au kungwi, akimfundisha kwa maneno. Ukitaka kujua wanawake wa Mombasa walivyoishi mambo ya ndoa na ngoma zao, tafuta kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989, ambamo Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao.

Kosa letu moja lilikuwa kubwa: bwana arusi hakusingwa na mtu. Yeye aliachiwa vijana wenzake, wakamfundisha mbio.

Sasa njoo nikuonyeshe Marekani. Mwaka 1970 daktari William Masters na mwenzake Virginia Johnson, wa mji wa St. Louis, walitoa kitabu kuhusu watu walioshindwa na unyumba. Waligundua kwamba mwanamume aliyeshindwa mara moja, siku ya pili haingii kitandani kama mume, huingia kama mtazamaji. Anajichungulia: je, leo itakubali? Na kule kujichungulia ndiko kunakomwangusha, kwa sababu mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia au kupigana, na mishipa ya huko chini hujibana. Mke naye hujichungulia: je, nimechuja? Basi dawa yao ya kwanza ilikuwa marufuku. Waliwakataza mume na mke tendo la ndoa, wakawaambia wagusane tu kwa zamu, sehemu za siri na matiti yakiachwa kabisa mwanzoni. Hakuna mtihani, kwa hivyo hakuna wa kushindwa. Miaka ya karibuni, huko Kanada, mwanasaikolojia Lori Brotto ameongeza mazoezi ya kutuliza akili juu ya kile mwili unachohisi wakati huo huo, na mwaka 2018 akaandika kitabu juu yake.

Basi, mama wa Kibokoni, fanyeni hivi nyumbani bila kumlipa mtu. Mwambie bwana wazi kwamba kwa wiki mbili hamtaki tendo la ndoa, hata mkilitamani. Utaona uso wake unavyofunguka. Chagueni usiku mmoja, ogeni, funga mlango, simu zikae nje. Mmoja alale kifudifudi, mwingine akande kwa robo saa: nyayo, ndama za miguu, mgongo, shingo, kichwa. Mafuta ya nazi yatosha. (Ila kama mnatumia kondomu siku nyingine, jueni kwamba mafuta huharibu ule mpira. Na karafuu ama singo isifike sehemu laini, itawasha.) Anayekanda asifikirie kumfurahisha mwenzake. Asikilize kiganja chake tu: hapa pana joto, hapa pagumu, hapa pana kovu la pikipiki. Anayekandwa asiseme kitu ila "polepole" au "hapo hapo" au "hapo sitaki," na "sitaki" iheshimiwe saa ile ile. Akili ikitoroka kwenda kwenye karo ya shule, na itatoroka, irudishe bila kuikaripia. Kisha badilishaneni.

Kama bwana hawezi kutulia, mwongoze kwa maneno kwanza. Wenye kufanya hipnosia hupenda kumteremsha mtu ngazi moja moja katika mawazo. Sisi wa Mji wa Kale tunazo zetu, zile zinazoshuka karibu na Leven House mpaka majini. Mwambie afumbe macho, avute pumzi, ajione yuko juu, halafu umhesabie polepole, kila ngazi bega moja likishuka na sauti ya bahari ikikaribia. Atacheka mwanzoni. Mwache acheke, ni kucheka kwa kwanza tangu Idi.

Lakini kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo kukandwa hakuliondoi. Mwanamume ambaye nguvu zake zimepungua na hazirudi, hata alfajiri, huenda ana kisukari, presha, au mishipa ya moyo inayoanza kuziba. Mara nyingine chumbani ndipo ugonjwa wa moyo unapojitangaza kwanza. Dawa nyingine za presha nazo huleta hali hiyo. Aende Hospitali Kuu ya Pwani au kliniki yoyote apimwe sukari na presha. Vidonge vya kunong'onezwa vichochoroni asiviguse: mtu anayetumia dawa za moyo za naitreti, akivichanganya na vidonge hivyo, presha yaweza kuporomoka afe. Na wewe mama, ikiwa tendo linakuuma, hiyo nayo ni ya daktari, si ya kuvumilia. Ama mtu aliyewahi kulazimishwa, ambaye kuguswa kunamrudishia yale, asianze na zoezi hili. Aanze na mshauri.

Na yule bwana wa macho na maneno? Muulizeni kitu kimoja: cheti chake cha usajili. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Mwenye cheti atauliza kwanza kama mumeo amepimwa hospitali.

Limebaki la mama mkwe, ambaye unasema kikohozi chake kinasikika ukutani kana kwamba mko chumba kimoja. Hilo sina dawa yake, ila arusi Mji wa Kale hazikosi, na mama mkwe akienda arusini huchelewa. Wapeleke watoto pamoja naye. Kisha usimwite bwana kwa lile alilolikimbia. Mwambie mgongo unakuuma, na ya kweli, maana umelea watoto watatu. Mwite akukande.

Niandikie baada ya hizo wiki mbili, unijuze kama mkeka wa sebuleni umekunjwa.