Tagi za Dar es Salaam ni suala la mkulima wa Njombe pia

Na Mwandishi Wetu, Makambako

MKULIMA wa viazi mkoani Njombe huenda asiione bahari maisha yake yote, lakini msimu wake huanzia baharini.

Sehemu kubwa ya mbolea ya viwandani huagizwa nje na kushushwa Bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Makambako, mji unaopitiwa na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, ambako barabara ya Njombe na Songea huanzia.

Mvua za kupandia huanza Novemba. Mbolea ikikosa wakati wake, hata ikishuka bei haina faida.

Katika mijadala ya bandari, wengi huzungumzia kina cha gati, winchi na mwendeshaji. Wachache huzitaja tagi, yaani boti fupi zenye injini kubwa zinazovuta na kusukuma meli.

Meli haina breki. Inapopunguza mwendo ili iingie bandarini, usukani wake hupungukiwa nguvu, na upepo au mkondo wa maji huweza kuisukuma kando. Hapo ndipo rubani wa bandari, akiwa ndani ya meli, huziagiza tagi ziishike, ziigeuze na kuiegesha.

Dar es Salaam kazi hiyo ni nyeti zaidi, kwa kuwa lango lake ni jembamba, lina kona, na hukatizwa na vivuko vya Magogoni na Kigamboni vilivyojaa abiria.

Machi 26, 2024, huko Baltimore, Marekani, meli ya makontena Dali ilizimikiwa umeme muda mfupi baada ya tagi zilizoitoa gatini kuiacha. Iligonga daraja, wafanyakazi sita wakafa, na njia kuu ya meli ikafungwa kwa wiki kadhaa.

Mradi ulioanza mwaka 2017 uliongeza kina cha gati namba 1 hadi 7 ili zije meli kubwa zaidi. Meli kubwa hudai tagi zenye nguvu kubwa. Gati lenye kina bila tagi za kutosha ni ghala pana lenye mlango mwembamba.

Meli ikisubiri nje, siku hizo hulipiwa, na malipo huishia kwenye bei ya mfuko wa mbolea dukani. Parachichi za Njombe zinazokwenda ng'ambo nazo hazisubiri.

Kwa hiyo, zinapotangazwa tani zilizopita bandarini, wananchi waelezwe pia: tagi ni ngapi, zina nguvu gani, na moja ikiharibika, ipi inashika nafasi yake?