Jirani Asiondolewe Kabla ya Kusikilizwa

Ndugu zangu wa Kigongo, Busisi, Usagara na vijiji vyote vya pande mbili za Ghuba ya Mwanza. Wavuvi na wachuuzi wa mialoni, mama lishe, makondakta wa mabasi ya Geita na Bukoba, wenyeviti wa vitongoji, masheikh, mapadri na wachungaji: ninawaandikia kwa ajili ya watu tunaoishi nao, ambao kila wanapoona gari la uhamiaji huacha jembe au kapu la dagaa na kujificha.

Ombi langu nalitaja mapema. Tukubaliane kijiji kwa kijiji kwamba hakuna jirani yetu atakayekamatwa kwa mnong'ono tu kwamba ni Mrundi, Mkongo au Mnyarwanda. Asikilizwe kwanza kama sheria inavyotaka. Na tuwaambie wabunge wetu kwa pamoja kwamba wakimbizi walioko kambini Kigoma warudi makwao kwa hiari yao wenyewe, bila kusukumwa.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kigongo kwa sababu ya barabara yetu. Mtu anayetoka Bukoba, Ngara, Biharamulo au Geita kuja Mwanza hupita hapa. Kwa miaka mingi alisubiri kivuko pamoja nasi, akala samaki wetu, akanunua ndizi zetu, akatusimulia habari za alikotoka. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limefungua njia, na aliyekuwa akipoteza saa nzima foleni sasa anavuka kwa dakika chache. Lakini watu ni wale wale. Wapo waliobaki huku wakichunga ng'ombe, wakipalilia pamba na mpunga, wakibeba mizigo mialoni, wakaoa na kuolewa, na watoto wao wanasoma darasa moja na wetu.

Nchi yetu ilijijengea jina kwa kuwapokea watu wa namna hiyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakukaa wakisubiri mgao. Walilima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, wanauza mazao na kulipa kodi. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyowatendea wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na wenzetu wa Ngara waliwapokea kabla dunia haijajua la kufanya. Mei 2015, Warundi walipojazana ufukweni Kagunga wakikimbia ghasia za muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, meli yetu kongwe MV Liemba iliwabeba hadi Kigoma. Na mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kizazi cha 1972.

Hii ndiyo heshima yetu, na ninaona inatuponyoka.

Mabadiliko hayakuanza jana. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakimbizi wakae kambini na wasitoke bila kibali. Desemba 1996, kabla hata ya sheria hiyo, Wanyarwanda karibu nusu milioni walikuwa wamekwisha kuamriwa waondoke kabla mwaka haujaisha. Miaka ya karibuni kamba imekazwa zaidi. Januari 2017 serikali iliacha kuwatambua Warundi kwa pamoja kuwa wakimbizi, na kila mmoja akatakiwa kujieleza peke yake. Mwaka huo huo mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu wajinunulie chakula ulisimamishwa. Januari 2018 nchi ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliolenga kuwawezesha wakimbizi kujitegemea. Masoko ambako wakimbizi na wenyeji wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakiuziana yalifungwa. Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilitia saini makubaliano ya kuwarudisha Warundi wote, na ikasemwa waziwazi kwamba wangeondoka watake wasitake. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Fikirini maana yake kwa mama mwenye watoto katika kambi ya Nyarugusu au Nduta. Haruhusiwi kwenda kibarua nje ya kambi. Soko alilouzia mboga limefungwa. Mgao wa chakula unapunguzwa kadiri wafadhili wanavyopunguza fedha. Kisha anaulizwa kama anataka kurudi kwao. Akisema ndiyo, hatuwezi kuliita jibu hilo hiari, kwa sababu milango mingine yote ilifungwa kabla hajaulizwa.

Kuna wanaosema haya ni ya Kigoma, hayatufikii. Wakumbuke Septemba 2013. Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji wasio na vibali, iliingia Kagera, Kigoma na Geita, ng'ambo tu ya ghuba yetu, na kabla yake maelfu walikwisha kufungasha baada ya agizo la Rais la Julai mwaka huo la kuwataka wahamiaji hao waondoke. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioishi nchini miongo mingi, wengine wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Wake walibaki na watoto, waume wakapelekwa mpakani. Aliyeulizwa uraia hakuwa na cheti cha kuzaliwa, sawa na bibi zetu wengi wa Misungwi ambao mpaka leo hawana.

Hata mwenye jina kubwa hakusalimika na swali hili la uraia. Mwaka 2001 serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, kuwa si raia wa nchi aliyoitumikia. Pamoja naye walikuwamo Timothy Bandora, aliyekuwa akituwakilisha nchini Nigeria, na Anatoli Amani, aliyekuwa kiongozi wa chama tawala Kagera. Ikiwa balozi anaweza kuamka asubuhi akaambiwa si mwenzetu, mvuvi wa Kigongo asiye na karatasi atajitetea kwa lipi?

Na sisi Wasukuma tuna sababu yetu wenyewe ya kuelewa. Wafugaji wetu wamehama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Katavi, Morogoro, Mbeya na Lindi wakitafuta malisho. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Ihefu, mifugo ikafa njiani, na waliambiwa warudi kwao, ilhali walikuwa ndani ya nchi yao. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: tusiwachome wengine kwa mkuki ule ule uliotuumiza.

Sasa kanuni mpya zinazidi kubana. Julai 2025 ilitolewa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: saluni, kutengeneza simu, uwakala wa fedha, kununua mazao shambani na nyinginezo. Faini yake haipungui shilingi milioni 10, na raia atakayemsaidia mgeni kuzifanya naye ataadhibiwa. Naelewa kilio cha wachuuzi wa Kariakoo dhidi ya wafanyabiashara wenye mitaji mikubwa kutoka nje, na kilio hicho ni cha haki. Lakini amri hiyo haitofautishi mwenye makontena bandarini na kijana wa Kikongo mwenye mkasi na kioo. Wa kwanza atamwajiri mwanasheria. Wa pili atalala njaa, au atafanya kazi kwa kujificha na kulipwa nusu ya ujira, na ujira wa vijana wetu utashuka pamoja na wake.

Wapo miongoni mwetu wenye hofu ya kweli, na sitaki kuwadharau. Ujambazi wa kutumia silaha barabara za Kagera na Geita ulikuwapo, na watu walikufa. Misitu ya Kigoma imekatwa kwa kuni za kambi. Lakini jambazi ana jina na kosa lake, na anastahili polisi na mahakama. Kumwondoa mama anayeuza viazi hakumkamati jambazi hata mmoja. Misitu nayo ingepona zaidi kama wakimbizi wangeruhusiwa kujitafutia riziki na kununua nishati nyingine. Mfano wa Ulyankulu na Mishamo tunao hapa hapa nchini: mkimbizi aliyepewa ardhi na nafasi ya kulima alijilisha na kuuza mazao.

Wengine wanasema hata Marekani inafunga milango. Ni kweli. Januari 2025 ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na Wakongo wa Nyarugusu waliokuwa wamesubiri safari kwa miaka wakabaki na mabegi yao. Desemba mwaka huo huo iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanabanwa viza. Tumekasirika kuhukumiwa sote kwa mkupuo, bila mtu kuulizwa habari zake. Hasira hiyo ni sahihi, na ituongoze tunapomtazama mgeni aliye kwetu.

Sheria haiko kinyume chetu kama tunavyoambiwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unasema katika Ibara ya 5 kwamba hakuna mkimbizi atakayerudishwa kwao bila ridhaa yake. Sheria yetu ya Wakimbizi inampa anayekimbia siku 7 za kujisalimisha, na miongoni mwa wanaoweza kumpokea ni mtendaji wa kijiji. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua kuwa raia mtoto aliyezaliwa nchini ikiwa mzazi wake mmoja ni raia, awe baba au mama. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika wilaya zetu. Kwa hiyo mengi huamuliwa kwenye meza ya mtendaji na katika kikao cha kitongoji, kabla hayajafika Dodoma. Hapo ndipo penye nguvu yetu.

Basi tufanye haya.

Kwanza, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi 3. Katika mkutano ujao, ombeni ajenda hii iandikwe, na azimio liingie kwenye muhtasari: kijiji hakitapeleka jina la mtu uhamiaji kwa tetesi, na atakayehojiwa atakwenda na mjumbe pamoja na shahidi anayemfahamu.

Pili, makamanda wa sungusungu, ninyi mliundwa kulinda mifugo na watu wa kijiji. Kataeni kutumika katika misako ya kupekua nyumba kwa nyumba kutafuta lafudhi ya mtu.

Tatu, tuandikishe watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa katika ofisi ya kata au kituo cha afya. Mama mwenye mume mgeni asione haya kwenda. Walimu na wahudumu wa afya wamsindikize. Cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachomwokoa mtoto miaka 20 ijayo.

Nne, wenye mialo na wenye mashamba, mlipeni kibarua mgeni ujira sawa na mwenyeji. Kumtisha kwa uhamiaji siku ya malipo ni wizi, na kijiji kiuite hivyo.

Tano, misikiti na makanisa yetu yachange akiba ndogo ya nauli na chakula kwa familia inayoitwa ofisini kuhojiwa, na yawe na namba ya msaidizi wa kisheria wa wilaya.

Sita, wabunge wetu wa Misungwi na Sengerema waandikiwe barua yenye saini zetu. Tudai masoko ya pamoja yafunguliwe tena, wakimbizi waruhusiwe kufanya kazi, kila anayeomba hifadhi ahojiwe kikamilifu, na amri ya biashara ya 2025 isimhusu mkimbizi wala mchuuzi mdogo. Tudai pia Sheria ya Uraia irekebishwe: leo mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake, ilhali mume mgeni wa dada yetu hana njia hiyo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu wanaojitokeza kwenye mkutano, wanaosimama kuwa mashahidi, na wasioogopa kutia saini. Anzeni kukusanya saini hizo wiki hii, mwaloni, sokoni na baada ya ibada, ili siku ya mkutano mkuu orodha iwe mezani. Na jirani anayejificha leo aitwe aje kusikiliza, kwa sababu mkutano ule unamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote.