MFUPA HAUKUBALI HARAKA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mara nyingi mnatuuliza: «Walikata baba kipande cha mfupa, sasa ni majuma mawili. Jibu liko wapi? Damu ya mtoto ilitoa jibu siku ile ile!» Wengine wanasema tumelala. Wengine wanahamisha mgonjwa mbele jibu halijafika. Leo nasema wazi: msituharakishe.

Mfupa ni mgumu kwa sababu ya chokaa iliyo ndani yake. Kisu cha laboratwari hakiukati. Kwanza kipande kinalazwa katika formoli ya 10 %, nyingi kukishinda mara 10, ili kisioze. Nyuma kinatiwa katika asidi nyepesi inayotoa chokaa polepole, siku nyingi, hata majuma. Ndipo kinaingizwa parafini na kukatwa vyembamba: gawanya milimeta moja mara 200, ndio unene wake. Mwisho ni rangi na mikroskopi. Anayekwenda mbio anatia asidi kali. Mfupa unalainika upesi, lakini chembe zinaharibika, rangi haishiki vizuri, na mganga anashindwa kusema kama ni kansa ao ni ugonjwa wa mikrobe.

Na aliye na chuma mguuni? Wataalamu wakitaka kuona namna mfupa ulivyoshikana na chuma, wanavifunga pamoja ndani ya plastiki ngumu, wanavikata kwa msumeno wa almasi, kisha wanasugua mpaka mwangaza upite. Ni kazi ya laboratwari chache. Lakini kama usaha unatoka, inatosha kuchukua nyama na mfupa ulio karibu na chuma.

Hapo mimi mwenyewe nilikosa, nilipokuwa mpya kazini. Nilitia vipande vyote katika formoli. Formoli inaua mikrobe. Hatukuweza kuikuza na kujua dawa gani ingeishinda. Ilipasa kumpasua mgonjwa tena. Baba wa watoto aliteseka mara mbili juu ya haraka yangu. Tangu siku ile, kila mara ninatenga kwanza vipande vya mikrobe katika chupa safi zisizo na formoli.

Nawe ndugu, una kazi yako:

– Usimeze antibiotike ya soko mbele ya kupasuliwa. Kama ulimeza, sema bila haya. Dawa hiyo inaweza kuficha mikrobe.

– Taja jina lako kamili, na uombe liandikwe kwenye chupa mbele yako.

– Rudi siku uliyopewa, hata kama maumivu yametulia.

Sisi pia tuna deni kwako: kukuambia tangu mwanzo siku ngapi utangoja. Siku hiyo ikipita bila jibu, njoo utuulize, ni haki yako. Lakini usituombe kupunguza siku za asidi. Jibu la haraka lisilo la kweli linaweza kukukatisha mguu uliokuwa wa kupona.